Kugonga Gari Lililoegeshwa Bila Kodi: Nani Anadaiwa Nini Uingereza

Gari lililoegeshwa kando ya barabara ya Uingereza bila kulipiwa kodi lina kosa mbele ya serikali, lakini kosa hilo halimpi msamaha anayeligonga. Deni la kodi liko kati ya mwenye gari na DVLA, wakala wa leseni za madereva na magari wenye makao yake Swansea. Deni la bampa lililovunjika liko kati ya aliyegonga na aliyegongewa. Madeni haya mawili hayafutani, hata pale dereva aliyegonga anapokuwa mlipaji kodi mwaminifu na mwenye gari ni mtoro wa miaka miwili.

Kodi yenyewe ina historia ndefu inayochangia mkanganyiko. Sheria ya Barabara ya mwaka 1920 ilianzisha mfuko maalumu wa barabara, na kuanzia Januari 1921 kila gari lilitakiwa kubandika kioo cha mbele kikaratasi cha duara kuonyesha kwamba limelipiwa. Tangu 1937 fedha hizo huingia hazina kuu kama kodi nyingine yoyote, lakini watu wameendelea kuiita kodi ya barabara, na kutokana na jina hilo imezuka imani kwamba asiyeilipa hana haki ya kuwepo barabarani, na kwa hiyo hana haki ya kulalamika akipatwa na jambo huko. Sheria inayotumika leo, ya mwaka 1994, haisemi hivyo. Inasema kwamba kutumia au kuweka barabarani gari lisilolipiwa ni kosa la jinai, lenye faini ya hadi pauni 1,000 au mara 5 ya kodi inayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa. Kabla ya kufikishana mahakamani, DVLA huweza kutuma barua ya adhabu ya pauni 80, inayopungua hadi 40 ikilipwa mapema, au kulifunga gurudumu chuma na kulivuta gari hadi yadi. Malipo yote hayo huenda serikalini. Hakuna kifungu kinachomgawia dereva mpita njia sehemu ya adhabu hiyo, wala kinachompa ruhusa ya kuitoza yeye mwenyewe kwa kukataa kulipa alichoharibu.

Ni vyema pia kujua gari linavyofikia hali hiyo, maana wenye magari ya namna hii si wote wakwepaji. Kikaratasi cha kiooni kilifutwa Oktoba 2014, na siku hiyohiyo kodi iliacha kuhama na gari linapouzwa. Muuzaji hurudishiwa miezi kamili iliyobaki, na mnunuzi hutakiwa kulipia upya kabla hajawasha injini. Mnunuzi asiyelijua hilo huondoka na gari Jumamosi akidhani kila kitu kiko sawa, kumbe limeshahesabika halina kodi. Wengine malipo yao ya kila mwezi ya benki yamekwama. Wengine hawadaiwi hata senti: gari la mtu mwenye ulemavu aliyesamehewa, au gari lililopita miaka 40, hutakiwa kusajiliwa kodi kila mwaka ingawa kiwango ni sifuri, na gari la asiyejaza fomu huonekana kwenye mfumo kama lisilolipiwa. Magari ya umeme nayo yalikuwa katika kundi hilo la sifuri hadi Aprili 2025, yalipoanza kutozwa. Kwa upande mwingine yapo magari yaliyotolewa tamko la SORN, yaani mwenyewe ameiarifu DVLA kwamba gari liko nje ya matumizi. Hayo hayana kodi kihalali kabisa yakiwa uani au gereji ya mtu binafsi, na huwa na kosa pale tu yanapowekwa barabara ya umma.

Msomaji aliyetoka Afrika Mashariki anaweza kuuona mfumo huu kama kitu cha zamani. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyozoeleka kama rodi laisensi, katika bajeti ya 2017/18 na kuihamishia kwenye mafuta, na Kenya nayo imekuwa ikikusanya fedha za matengenezo ya barabara kupitia tozo ya mafuta kwa miaka mingi. Ambaye amekuja Leicester au Reading akiwa na mazoea ya kulipa kodi kila anapojaza tangi hukuta ushuru wa gari na bima ni vitu viwili tofauti, kila kimoja na mfumo wake na adhabu yake. Gari lisilo na kodi linaweza kuwa na bima kubwa iliyo hai, na gari lililolipiwa kodi linaweza kuwa halina bima hata kidogo. Anayekagua namba za gari kwenye tovuti ya serikali na kuona kwamba kodi imeisha, halafu akahitimisha kwamba na bima haipo, ameruka hatua ambayo taarifa ile haikumpa.

Tangu kikaratasi kilipoondolewa, dereva anayegonga hana namna ya kujua hali ya kodi kwa kutazama. Hujua baadaye, akiwa nyumbani, na wakati huo wajibu wake umeshaanza. Kifungu cha 170 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya 1988 kinamtaka dereva ambaye gari lake limesababisha uharibifu wa gari jingine, barabarani au mahali pengine penye matumizi ya umma kama uwanja wa maegesho wa supamaketi, asimame na atoe jina lake, anuani yake, jina na anuani ya mwenye gari analoendesha, na namba za gari hilo kwa yeyote mwenye sababu ya msingi ya kuziomba. Gari lililoegeshwa mara nyingi halina mtu ndani. Dereva husubiri kwa muda unaoingia akilini, pengine hubisha hodi nyumba za jirani, na asipompata mtu anatakiwa kutoa taarifa kituo cha polisi au kwa askari mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Saa hizo ni ukomo wa mwisho, na mahakama zimekwisha kuwatia hatiani waliongoja hadi kesho yake bila sababu.

Kuacha karatasi yenye jina na simu chini ya waipa ni uungwana, na ni vyema kufanya hivyo, lakini karatasi pekee haimwondolei dereva wajibu wa kutoa taarifa polisi. Mvua huilowesha, upepo huipeperusha, mtoto huichomoa. Baadaye kamera ya dukani ikionyesha gari likigonga na kuondoka, dereva hubaki na maneno matupu. Kosa la kutosimama, au kutotoa taarifa, hubeba pointi 5 hadi 10 kwenye leseni na faini isiyo na kikomo, na kwa mazingira mabaya kifungo cha hadi miezi 6. Linganisha adhabu hiyo na ile ya mwenye gari asiyelipa kodi: anayekimbia kwa kudhani mwenzake ndiye mkosaji mkubwa amejiingiza kwenye kosa zito kuliko lile analolisingizia.

Kwenye dhima ya madai, hoja inayosikika zaidi ni kwamba gari lile halikupaswa kuwepo pale, na lisingekuwepo lisingegongwa. Ina sura ya mantiki, na pahali pamoja duniani iliwahi kuwa sheria. Mahakama kuu ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliamua mwaka 1909 kwamba gari lisilosajiliwa ni mvamizi barabarani, na mwenyewe hawezi kudai fidia kwa uzembe wa kawaida wa mtu mwingine. Matokeo yake yalikuwa ya kuumiza: mtu aliyesahau karatasi alipoteza haki ya fidia dhidi ya mtu aliyeendesha hovyo. Ilichukua takriban miaka 50 bunge la jimbo hilo kuufuta msimamo huo. Uingereza haikuufuata. Huko uwepo wa gari ni mazingira tu ya ajali, na sababu ya ajali ni dereva aliyerudi nyuma bila kutazama. Gari lile lile lingekuwa limelipiwa kodi mchana ule, lingegongwa vilevile.

Kinachoweza kumpunguzia dereva mzigo ni namna gari lilivyoegeshwa. Sheria ya 1945 kuhusu uzembe wa kuchangia inairuhusu mahakama kugawa lawama kwa asilimia. Gari lililowekwa ndani ya mita 10 za makutano, au lililoachwa usiku bila taa kwenye barabara ambayo mwendo unaoruhusiwa unazidi maili 30 kwa saa, linaweza kumfanya mwenyewe abebe sehemu ya hasara, kwa sababu makosa hayo yanahusiana moja kwa moja na uwezekano wa kugongwa. Kodi haina uhusiano huo. Dereva mwenye hoja ya maegesho mabaya apige picha zinazoonyesha umbali, alama za barabarani na mwanga uliokuwepo, na aachane na picha ya simu inayoonyesha ukurasa wa DVLA.

Imebaki hoja ya kisheria iliyo nzito zaidi, kwamba mahakama isimsaidie mtu anayejenga dai lake juu ya kosa lake mwenyewe. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliipanga upya kanuni hiyo mwaka 2016, katika kesi iliyohusu fedha za biashara ya hisa. Tangu hapo mahakama huuliza lengo la katazo lililovunjwa ni nini, maslahi gani mengine ya umma yataathirika, na je, kumnyima mtu dai lake lote ni adhabu inayolingana na kosa lake. Kodi ya gari ina lengo la kukusanya mapato. Kumnyima mtu matengenezo ya pauni 1,500 kwa sababu ya ushuru ambao serikali ina njia zake za kuudai ni adhabu isiyo na uwiano, na haisogezi lengo la kodi hata hatua moja.

Mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Rufani ilikutana na jambo linalokaribiana sana na hili. Gari lililokuwa limesimama liligongwa na lori la kampuni. Cheti chake cha ukaguzi wa usalama, MOT, kilikuwa kimeisha miezi kadhaa nyuma. Mwenyewe alidai, pamoja na mengine, zaidi ya pauni 20,000 za kukodi gari mbadala. Mahakama za chini zilimkatalia gharama hizo zikisema kwamba kisheria hakuwa na matumizi ya gari ya kupoteza. Mahakama ya Rufani ilitengua: kukosa cheti hakumfungii mtu mlango wa kudai hasara ya kutotumia gari lake. Kesi ile haikuhusu kodi, lakini ni vigumu kuona namna ambavyo kukosa kodi, ambako hakugusi usalama wa mtu yeyote, kungetendewa kwa ukali kuliko kukosa ukaguzi wa breki na matairi.

Hata hivyo si sahihi kusema kodi haina athari yoyote kwenye hesabu. Gharama za kukodi gari hulipwa pale mdai anapoonyesha kwamba alikuwa na haja ya gari katika kipindi kile. Gari lililokaa miezi 8 mahali pamoja, majani yamejazana chini ya waipa na tairi moja limekaa chini, halina kodi, halina MOT, linatoa ushahidi kwamba mwenyewe hakuwa akilitumia. Hapo dai la gari mbadala hudhoofika kwa sababu ya ukweli wa matumizi, na rekodi ya kodi huingia kama kielelezo kimoja miongoni mwa vingine. Pia gari lisilo na kodi haliruhusiwi kuendeshwa kwenda gereji kukaguliwa na mtathmini wa bima. Safari inayoruhusiwa bila kodi ni ile ya miadi ya MOT iliyopangwa mapema. Kwa hiyo mtathmini hulifuata lilipo, au gari hubebwa juu ya lori la bredauni. Na kama DVLA watalifunga na kulivuta katikati ya mazungumzo ya bima, gharama za kulikomboa humwangukia mwenyewe, maana hazikutokana na kugongwa.

Kipimo cha hasara yenyewe ni kushuka kwa thamani ya gari, na kwa kawaida mahakama huipima kwa gharama stahiki za kulitengeneza. Gari kuukuu huleta ugumu. Tuseme ni Vauxhall Corsa ya 2008 yenye thamani ya pauni 900 sokoni kabla ya kugongwa. Mlango wa nyuma umebonyea, ubavu umeparuzwa hadi kwenye taa, na fundi bodi anataka pauni 1,400. Mahakama haitamlazimisha aliyegonga kulipa 1,400 kwa kitu ambacho mfano wake unapatikana kwa 900. Mwenyewe atapewa thamani ya gari kabla ya ajali, na akitaka kubaki na mabaki yake, thamani ya mabaki hukatwa. Gari likihesabika kuwa limeharibika kupita faida ya kulitengeneza, kampuni ya bima hulipangia daraja: S likiwa limeumia kwenye muundo, N likiwa halijaumia muundo, na daraja hilo hubaki kwenye rekodi. Wenye magari ya zamani huumia sana hapa, kwa sababu 900 ya kwenye orodha ya bei ni nadra kuwapatia gari wanalolijua tabia yake kama lile lililovunjwa.

Bima ya aliyegonga ndiyo hulipa. Sheria ya Uingereza inalazimisha kila dereva awe na bima inayofidia mali ya watu wengine hadi pauni milioni 1.2 kwa ajali moja, tofauti na Kenya, ambako bima ya lazima chini ya Sura ya 405 inahusu vifo na majeraha tu. Mwenye gari lililogongwa hakatwi kile kiasi ambacho mteja hujilipia mwenyewe kwenye bima yake. Kiasi hicho ni makubaliano ya aliyegonga na kampuni yake, na humhusu kwa uharibifu wa gari lake yeye. Aliyegongewa anaweza pia kuishtaki kampuni hiyo moja kwa moja, haki iliyopo tangu kanuni za 2002, bila kumtafuta dereva aliyehama mji.

Kwa dereva, mikataba mingi ya bima humtaka aripoti kila ajali hata kama hana nia ya kudai, na humkataza kukiri kosa au kuahidi malipo kwa niaba ya kampuni. Kutoa jina na anuani si kukiri kosa, na woga wa kukiri usimzuie mtu kutimiza kifungu cha 170. Anayeficha ajali na kujibu “hapana” mwaka unaofuata anapoulizwa kama amepata ajali ameipa kampuni ya bima taarifa isiyo ya kweli. Chini ya sheria ya 2012 ya bima za watumiaji, uzembe wa namna hiyo unaweza kupunguza malipo kwa uwiano, na udanganyifu wa makusudi unaweza kuivunja bima yote.

Mwenye gari akiamua kutumia bima yake kubwa, huenda akakutana na sharti kwamba gari liwe na kodi wakati wote. Asikate tamaa mapema. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Bima ya 2015 kinaizuia kampuni kutegemea sharti la namna hiyo ikiwa kulivunja kusingeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea, katika mazingira ilivyotokea. Kodi iliyoisha haiongezi uwezekano wa gari lililotulia kugongwa ubavuni. Barua ya kukataliwa inayotaja kodi peke yake inastahili kujibiwa kwa kifungu hicho.

Madogo madogo humalizwa kwa makubaliano ya mifukoni, na hapa gari lisilo na kodi lina mtego wake. Mara nyingi ni gari lililo katikati ya kuuzwa. Aliyetokea akidai ni lake huenda ni muuzaji aliyekwisha kupokea fedha, au mnunuzi ambaye jina lake halijafika Swansea, na pengine mwenye mali halisi ni kampuni ya mkopo. Hati ya usajili, V5C, yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Huonyesha tu mtu aliyesajiliwa kulitunza gari. Anayelipa aombe stakabadhi ya ununuzi pamoja na V5C, alipe kwa benki badala ya fedha taslimu, na waandikiane karatasi fupi yenye tarehe, mahali, namba za magari yote mawili, uharibifu uliokubaliwa, kiasi, na tamko kwamba malipo ni ya mwisho kwa uharibifu huo.

Aliyegonga asithubutu kuweka kodi mezani kama silaha. Kumwambia mwenye gari “acha dai lako, la sivyo nakupeleka DVLA” kunaweza kuangukia kosa la kudai kwa vitisho chini ya Sheria ya Wizi ya 1968, kosa linaloishia gerezani. Kuripoti gari lisilo na kodi ni haki ya raia yeyote. Kuifanya haki hiyo bei ya kuachiwa deni ndiko kunakogeuka jinai.

Kama mwenyewe hajitokezi kabisa, dereva aliyekwisha kutoa taarifa polisi na kwa kampuni yake ya bima hana zaidi la kufanya. Gari linaloonekana kutelekezwa huweza kuondolewa na halmashauri, lakini hata hilo lina mwenyewe kisheria mpaka hatua zake zikamilike. Mwenye gari asiyemjua aliyemgonga, ila ana namba zake, anaweza kuipata kampuni ya bima kupitia hifadhidata ya bima za magari, au kuomba DVLA jina la aliyesajiliwa kwa fomu V888, akieleza sababu yake. Dai la uharibifu wa mali hufa baada ya miaka 6 England na Wales, na baada ya miaka 5 Uskoti. Likiwa chini ya pauni 10,000, England na Wales husikilizwa kwa kawaida kwenye njia ya madai madogo, ambako mtu hujisimamia bila wakili, na ambako mdaiwa akiinuka na hoja ya kodi, mdai anayo haki ya kuuliza ilichangia nini kwenye kuvunjika kwa taa.